Sampuli ya Namba Tisa

Ofisini walimwita Mama Digrii. Wenye adabu walisema ni kwa sababu ya digrii za joto alizozipima maisha yake yote. Wenye ulimi walisema ni kwa sababu hana hata moja ya chuo kikuu. Yeye alizisikia tafsiri zote mbili na hakuwahi kugombana na mtu. Alikuwa na stashahada yake ya maabara, iliyolala ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati nyumbani, na miaka thelathini na moja ya kuinama kwenye maji ya moto. Magoti yalikuwa yamekwisha. Kila alipoinuka kitini alitoa sauti ndogo, "aah," kisha akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyesikia, na siku zote alikuwepo aliyesikia.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Nchi nyingine zina makaa ya mawe, nyingine zina mafuta. Ya kwake ina moto chini ya miguu ya watu, na serikali inataka kujua ni moto kiasi gani na unafaa kwa nini. Huwezi kuchimba kila mahali uangalie, maana kisima kimoja cha kilomita mbili kinameza bajeti ya idara nzima. Kwa hiyo hutumwa watu wa aina ya Mama Digrii kwenye chemchemi, pale maji yanapotoka yenyewe yakifuka, wateke chupa mbili tatu na kuzipeleka maabara. Maji yakipita kwenye mwamba wa moto huyeyusha madini, na kadiri mwamba unavyokuwa wa moto ndivyo yanavyobeba mengi. Ukijua yamebeba nini, unakisia joto la huko yalikotoka. Wako waliomwonea wivu kwa safari za kikazi. Hao hawajawahi kulala garini siku nne huku nguo zikinuka mayai viza.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa mwisho wake kazini, na kama ilivyo kawaida ya ofisi, ndipo walipoamua kumtwisha mzigo mkubwa kuliko yote. Ilitakiwa taarifa moja ya nchi nzima: tuna jotoardhi kiasi gani, na itumike vipi. Maeneo kumi na manne, kila eneo na mstari wake kwenye jedwali, na kila mstari na herufi mwishoni. A ni umeme. B ni kutumia joto lenyewe bila kuligeuza umeme: kukausha mazao, kupasha mabanda ya miche, kuchemsha maziwa kiwandani. C ni kuoga na kupiga picha. Mkuu wa idara alimkabidhi jedwali mbele ya kikao. "Mama ndiye kumbukumbu yetu," alisema, na watu wakapiga makofi. Mama Digrii aliwaza kwamba kumbukumbu za ofisi ile huwa zinafungiwa stoo pamoja na viti vilivyovunjika, akatabasamu, akapokea.

Chumba chake alikigawana na mhandisi mpya, binti wa miaka ishirini na saba, mwepesi wa kompyuta na mwepesi wa maswali. Alimpenda, ingawa maswali yake yalimchosha kabla ya saa nne asubuhi.

"Mama," binti alisema siku moja bila kuinua macho, "hii Namba Tisa inanisumbua."

"Inakusumbua nini?"

"Chumvi zake zinasema huko chini kuna zaidi ya digrii mia mbili. Madini ya silika yanasema mia na ishirini na moja. Yaani haya maji yanajibishana yenyewe kwa yenyewe. Na watu wa zamani wamechukua hiyo ndogo, wakaandika B, wakaenda zao. Si wewe uliyechukua sampuli?"

Mama Digrii alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni ingawa ilikuwa safi.

"Ni mimi."

"Kulikuwa na shida yoyote?"

"Maji yalichanganyika na ya mto," alisema. "Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi."

"Ahaa." Binti akaandika hivyo pembeni ya jedwali, akahamia Namba Kumi.

Ulikuwa uongo mtupu. Ulitoka laini, bila kukwaruza koo, kwa sababu alikaa nao tayari miaka kumi na tisa akingoja mtu amuulize, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ukweli ulikuwa hivi. Silika ni yale madini ya mchanga na kioo. Maji ya chemchemi yakipoa ndani ya chupa, silika huganda na kutulia chini, utelezi mweupe usioonekana vizuri. Maabara ikipima yanayobaki juu inapata kidogo, na hesabu inatoa joto dogo kuliko lililopo. Dawa yake ni ya dakika moja: hapohapo kwenye chemchemi unayazimua yale maji, nusu kwa nusu, kwa maji yasiyo na madini, yale ambayo maabara ina jina lake refu la kuyaita na kila dereva anayaita maji ya betri. Kisha unaandika kwenye daftari, safu ya kuzimua, kwamba umezimua. Basi. Kazi hii ina mambo mengi magumu, na hilo si mojawapo.

Namba Tisa ilikuwa safari ya kwanza aliyopewa aongoze. Dereva wake, mzee mmoja mwema asiyependa kumsumbua mtu, aliamka alfajiri akakuta gari haliwaki na betri imekauka. Nyuma ya gari kulikuwa na galoni ndogo ya maji ya betri. Sasa afanye nini, amwamshe bosi amuulize kama maji ya betri yanatiwa kwenye betri? Aliyamimina, yaliyobaki akanawia uso. Gari likawaka, naye akaja kuripoti kwa furaha kwamba tatizo limekwisha.

Mji wa karibu ulikuwa saa tano kwa gari, na mafuta yalitosha kurudi mara moja tu. Mama Digrii alisimama ukingoni mwa chemchemi na chupa zake tupu, akawafikiria wanaume wawili ofisini waliosema safari za porini si za mwanamke, akafikiria kurudi mikono mitupu. Akateka hivyohivyo. Safu ya kuzimua akaiacha wazi. Alijiambia atawaeleza watu wa maabara kwa mdomo. Alipofika maabara alikuta foleni, akaacha chupa dirishani, akaenda nyumbani kuoga.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitatu: mia na ishirini na moja. Ofisi ilikuwa imechora mstari wake kwenye mia na hamsini. Chini ya hapo hakuna habari ya umeme. Namba Tisa ikapewa B, faili likafungwa. Wiki ya kwanza alinyamaza kwa hofu, mwaka wa kwanza kwa aibu, na baada ya hapo kwa mazoea.

Ingekuwa hayo tu, angesema sasa na kumalizana nayo. Alibakiza miezi mitano, wangemfanya nini? Lakini Namba Tisa kulikuwa na dada yake, aliyeolewa huko na kufiwa na mume hukohuko. Miaka kumi iliyopita, kina mama wa kule, waliokuwa wakipoteza nusu ya vitunguu na pilipili zao kila msimu wa mvua kwa kuoza, waliomba watumie maji ya chemchemi kukaushia. Mama Digrii ndiye aliyewachorea banda. Ndiye aliyewaandikia maombi na kuyasukuma ofisi kwa ofisi mpaka barua ikatoka: eneo halifai kwa umeme, kwa hiyo kikundi kinaruhusiwa kutumia maji yake, mradi halijapangiwa matumizi mengine. Aliipeleka mwenyewe, na siku ile kina mama walimbeba juujuu mpaka kiatu kikamvuka.

Kwa hiyo banda zima lilisimama juu ya ile herufi B. Akisahihisha jedwali, Namba Tisa inaweza kuwa A. Ikiwa A inakuja kampuni ya kuchimba, ikija kampuni unakuja uzio, na banda la dada yake litakuwa ndani ya uzio. Asiposahihisha, anastaafu akiiachia nchi namba ya uongo yenye saini yake, na watu wa kule wanaendelea kukaa gizani bila kujua kwa nini. Alilizungusha jambo hilo kichwani wiki nzima, na kila alipolizungusha lilirudi lilivyokuwa.

Jioni moja alimkuta mumewe, mstaafu wa posta, sebuleni, akitengeneza redio ambayo haikuwa mbovu. Alikaa mbele yake na kumweleza yote, kuanzia galoni mpaka barua. Alikuwa hajawahi kumweleza. Mzee alisikiliza huku bisibisi imesimama hewani.

"Miaka yote hiyo umelala na hilo?" aliuliza.

"Nimelala nalo."

"Ndiyo maana unakoroma hivyo." Alipuliza vumbi ndani ya redio. "Sasa sikiliza. Wewe unajuaje kwamba kosa lako lilibadilisha kitu? Pengine hata ungezimua ingekuwa hiyohiyo mia na ishirini. Nenda kapime tena kwanza. Usijivike kesi ambayo haipo."

Alimshukuru Mungu kwa kumpa mwanamume mvivu wa kuhuzunika. Kwa siku chache alitembea na tumaini hilo dogo, kwamba mwamba wa Namba Tisa ni wa baridi kweli na yeye hana deni na mtu.

Aliomba safari ya kuhakiki, akapewa gari na dereva mpya, mcheshi, mpenda miziki. Aliomba galoni mbili za maji ya betri badala ya moja, na moja aliipakata mapajani njia nzima.

"Mama, hiyo ni dhahabu?" dereva aliuliza.

"Ukiigusa tutagombana mpaka tuzeeke."

"Wewe umeshazeeka, mama, kwa hiyo nitaumia peke yangu."

Nguzo za umeme ziliwasindikiza mpaka mji wa mwisho, pale kwenye kituo cha mafuta, zikaishia hapo. Zilikuwa zimeishia hapo tangu alipoanza kuipita njia ile. Mbele yake kulikuwa na kilomita mia na sitini za vumbi, zahanati yenye jokofu la gesi ambalo gesi yake haifiki, na mashine ya kusaga ya dizeli iliyofungwa kwa mnyororo tangu fundi wake ahame.

Banda lilikuwa kama alivyoliacha, ila limeongezwa chumba. Maji yaliingia kwa bomba la chuma kutoka chemchemi, yakazunguka mara sita chini ya sakafu na kutokea mtaroni yakiwa vuguvugu, ambako kina mama walifulia. Juu ya sakafu kulikuwa na vichanja vya wavu vilivyopangwa saba saba hadi karibu na bati. Ukiingia, joto lilikushika usoni, na vitunguu vikakuliza kabla hujamsalimia mtu.

"Mdogo wetu huyo!" walipiga kelele. Walimwita hivyo kwa kuwa ni mdogo wa mwenzao, hata wale waliokuwa sawa na wanawe kwa umri. Mwenyekiti wao, mama mmoja mpana mwenye sauti ya kuongozea mkutano, alimshika mabega na kumgeuza kama anayemkagua. "Mdogo wetu kazeeka kuliko sisi! Hiyo serikali inakulisha nini?"

"Kiti," alijibu, wakaangua kicheko.

"Unastaafu lini uje? Kiwanja chako tumekilimia maharage. Usipokuja mwaka huu tunakila kabisa."

Ni kweli kiwanja kilikuwepo, hatua mia moja kutoka kwa dada yake. Mpango ulikuwa vyumba viwili na baraza, mzee na redio zake, na jioni kulowesha magoti kwenye maji ya mtaroni bila kulipia. Ilikuwa ndoto yake pekee aliyokuwa bado hajachoka kuiota.

Dada yake alimfuata mpaka chemchemini, akasimama pembeni mikono kiunoni. Walikuwa wawili tu waliobaki kwao. Mama Digrii alipiga magoti, aah, akashusha kipimajoto: tisini na sita. Akavuta maji kwa bomba la sindano, akayachuja, akapima nusu kwa nusu na maji ya galoni, akafunga kizibo, akabandika karatasi. Alifanya hivyo mara nne, chupa nne. Kisha akafungua daftari, akaandika kwenye safu ya kuzimua, na kalamu ikatoboa ukurasa.

"Mbona unatoboa daftari?" dada aliuliza.

"Uzee, dada."

"Uzee mimi ninao zaidi yako. Hapo una lako jambo."

"Nitakuambia nikirudi," alisema, akainuka kwa kushikilia bega lake.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na moja. Binti mhandisi ndiye aliyeyafungua. Alikokotoa, akakokotoa tena.

"Mia mbili na ishirini na sita," alisema. Akamgeukia. "Mama, haya hayajachanganyika na mto wowote."

"Hapana."

Binti alimtazama kwa muda, na Mama Digrii akamwona akielewa hatua kwa hatua, kuanzia safu iliyoachwa wazi. Aliifuta tu ile sentensi ya mvua aliyoiandika pembeni ya jedwali, na kwa heshima hiyo Mama Digrii aliona haya zaidi kuliko angetukanwa.

Mkuu wa idara yeye alikuwa karibu kucheza. Alizunguka meza yake mara mbili. "Mama! Zawadi gani hii ya kustaafu unatuachia! Nipigie makisio, hapo hatukosi megawati arobaini, hamsini."

"Bado ni makisio ya maji, mkuu. Mpaka mtu achimbe. Wanaweza kuchimba wakakuta joto lipo na mvuke hakuna."

"Najua, najua. Lakini ni A."

"Ni A," alikubali. Akavuta pumzi. "Na kuna jambo la kuandikwa. Sampuli ya kwanza haikuzimuliwa. Nilijua, sikusema. Nataka iandikwe hivyo, na jina langu."

Mkuu alikwenda akafunga mlango. Aliporudi alikaa upande wa wageni, kiti kwa kiti naye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wafadhili.

"Mama yangu, tutaandika kwamba vifaa vya wakati ule vilikuwa duni."

"Vifaa vilikuwa vizuri. Aliyekuwa duni ni mimi."

"Sikiliza. Wakisoma kwamba tulikosea Namba Tisa, watauliza, na hizo nyingine kumi na tatu? Tutawajibu nini?"

"Nyingine zote nilizimua."

"Mimi nakuamini. Wao watakuamini?" Alimshika mkono. "Umetumikia miaka thelathini na moja. Usijianike mlangoni mwa kutokea."

Alikosa nguvu za kubishana. Aliomba jambo moja tu: kwenye safu ya matumizi iandikwe kwamba maji ya mtambo yakishazalisha umeme bado yana joto la kukausha mazao, yapitishwe kwanza kwenye banda la kikundi kabla ya kurudishwa ardhini, na kikundi kihesabiwe kama mwenye haki. "Andika, andika," mkuu alisema. Aliandika nusu ukurasa, tena kwa moyo wote. Haikuwa mara nyingi kazi ile kumtaka moyo. Taarifa ilipotoka, nusu ukurasa ilikuwa imekuwa mstari mmoja chini kabisa, kwa herufi ndogo: matumizi mengine ya joto yanaweza kuzingatiwa baadaye. Na juu yake, vifaa vya wakati ule vilikuwa duni.

Siku ya kuagwa alipewa saa ya ukutani. Juma lililofuata alipanda basi kwa nauli yake, na kutoka kituo cha mafuta akaomba lifti kwa lori la saruji.

Alimweleza dada yake chumbani, asubuhi, wakiwa wamekaa ukingoni mwa kitanda bega kwa bega jinsi walivyokuwa wakikaa utotoni wakingoja kuchapwa. Hakupunguza kitu.

"Kwa hiyo watatutoa," dada alisema mwishowe.

"Huenda. Si mwaka huu. Pengine miaka mitatu, pengine kumi. Pengine wachimbe wasipate kitu, waondoke."

"Na umeme? Kama ungeweka hayo maji yako siku ile, tungekuwa nao?"

"Sijui, dada. Pengine bado. Pengine ungekuwa umefika miaka minane iliyopita."

Dada alitazama sakafu. Alikuwa amevimba macho, lakini kazi yake ni vitunguu, huwezi kujua. "Wenzangu usiwaambie," alisema. "Sema serikali imepima upya, basi. Serikali tumeizoea, tutaisema wiki mbili tutachoka. Wewe wakijua ni wewe, utakuja kukaa na nani hapa?"

Ilikuwa mara ya pili mtu anayempenda kumfunika. Mkuu alimfunika kwa ajili ya ofisi, dada anamfunika kwa ajili ya kiwanja na maharage yake, na kote kuwili aliyetakiwa kunyamaza ni yeye, kazi ambayo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa na ikammaliza nguvu zote. Angeweza kukubali. Alitamani mno kukubali. Alijiona barazani kwake, miguu majini, akisalimiwa na kila apitaye, na akajua kwamba kila salamu angeipokea akiinamisha uso.

"Nimechoka, dada," alisema, akainuka.

Bandani walikuwa tisa, wakigeuza vitunguu. Walimpokea kwa kelele zilezile, mwenyekiti akauliza kama amekuja na mzee au kamwacha na redio. Aliwaomba wakae. Hawakukaa, kwa sababu hakukuwa na pa kukaa, ila waliacha kazi. Aliwaambia yote akiwa amesimama: galoni, chupa, safu aliyoiacha wazi, namba ya kwanza na namba ya pili, barua aliyowaletea na uzio unaoweza kuja. Aliwaambia kwamba kwenye taarifa imeandikwa ni vifaa, na kwamba si vifaa. Hakulia, ingawa mle ndani macho yake yalikuwa na kila kisingizio.

Mwenyekiti aliweka chini kitunguu alichokuwa amekishika.

"Ulipotuletea ile barua," mwenyekiti aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku."

"Ukashuku, ukatuletea."

"Ndiyo."

"Mimi nimejifungua mara tatu kwa mwanga wa tochi," alisema mama mmoja aliyekuwa nyuma, si kwa ukali, wala hakuwa akimwambia mtu fulani. Mwenzake alimgusa mkono, akanyamaza. Dada yake alikuwa amefika mlangoni na kusimama hapo, ndani si ndani, nje si nje.

Mwenyekiti alifungua kitambaa cha kichwani, akakikung'uta, akakifunga upya polepole. Sauti yake ya mkutano haikuwepo. "Tumekusikia, afisa," alisema. "Asante kwa kuja kutuambia."

Wakarudi kwenye vichanja, maana vitunguu vilikuwa tayari kugeuzwa na visipogeuzwa vinaungua. Kila kichanja kilitaka watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Mwanamke mmoja alikuwa peke yake kwenye cha tatu, akikiburuta upande wake, kisha akizunguka kuburuta upande wa pili. Mama Digrii alisimama pale karibu naye, mikono mitupu, akingoja aambiwe ashike. Hakuna aliyemwambia.